Ufinyanzi wa nyumbani Temeke: Udongo si tatizo, tatizo ni moto

MKAZI wa Mbagala, Tandika au Chang'ombe anayeamua kufinyanga chungu kwa mapenzi yake tu, bila nia ya kukiuza, kwa kawaida huanza na swali moja: udongo utapatikana wapi? Ni swali la haki, lakini silo linalowashinda wengi. Udongo hupatikana. Mikono huzoea baada ya majaribio machache, na chombo cha kwanza, hata kikiwa kimepinda, husimama. Kinachovunja moyo huja baadaye, pale chombo kilichokaa wiki mbili kivulini kinapowekwa motoni na, kabla moto haujakolea, mlio unasikika na kinachobaki ni vigae.

Methali ya Kiswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, yaani anayewatengenezea wengine vyombo vizuri mwenyewe hula katika kigae. Kwa anayejifunza, methali hiyo ina maana nyingine iliyo karibu zaidi na maisha yake: vigae ndivyo atakavyokuwa navyo vingi.

Temeke ni wilaya yenye watu zaidi ya milioni 1.3 kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022. Nyumba zimebanana, nyua ni ndogo, na wapangaji wanaotumia uwanja mmoja ni wengi. Katika mazingira hayo ufinyanzi huwa suala la jirani, moshi na nafasi kabla haujawa suala la sanaa. Mfinyanzi wa kijijini ana uwanda wa kuwashia moto. Wa mjini ana ukuta wa jirani upande huu na kamba ya nguo upande ule.

Kazi ya kale

Hata hivyo, anayefinyanga Temeke hafanyi jambo geni katika pwani hii. Wachimbuzi wa mambo ya kale, akiwamo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamefukua kusini mwa jiji hili, katika maeneo kama Limbo, vigae vya wakulima na wafua chuma walioishi katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Vigae hivyo ni vya aina iitwayo Kwale, jina lililotokana na Kwale ya nchini Kenya. Karne kadhaa baadaye wafinyanzi wa pwani walipenda kuchora pembetatu shingoni mwa vyungu vyao, na vigae vya namna hiyo vimeokotwa katika makazi mengi ya kale ya Waswahili. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya historia ya pwani kabla ya maandishi imesomwa kutoka katika vyombo vilivyovunjika.

Katika sehemu kubwa ya Tanzania kazi hii imekuwa ya wanawake. Wanawake wa Kipare wanajulikana kwa vyungu vyao, na Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wamejenga jina kubwa zaidi: vyombo vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, jirani na Matema wilayani Kyela, na kutoka hapo huingia barabarani kuelekea mikoa mingine. Wengi wao hawatumii gurudumu. Chombo hujengwa kwa mikono juu ya kigae kinachozungushwa taratibu, au mfinyanzi mwenyewe hukizunguka chombo.

Mjini, sufuria ya alumini ilikiondoa chungu jikoni, na ndoo ya plastiki pamoja na jokofu vikauondoa mtungi. Lakini udongo uliochomwa haukutoka kabisa katika nyumba za Temeke. Chetezo cha kufukizia udi na ubani bado kipo. Aidha, jiko bora la mkaa, lile lililokuzwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga kwa sehemu jiko la Thailand, ndani yake lina kikombe cha udongo kilichozungushiwa bati. Mtu anaweza kudhani hana kitu cha mfinyanzi nyumbani kwake, kumbe anakipikia kila siku.

Udongo wa Pugu na udongo wa bondeni

Anayeanza mara nyingi huelekezwa Pugu, kwa sababu vilima vya Pugu wilayani Kisarawe, mwendo mfupi kutoka Temeke, vinasifika kwa udongo mweupe wa kaolini ambao umewahi kuchimbwa kwa miaka mingi. Ni udongo mzuri, na weupe wake unavutia. Kwa kazi ya nyumbani, hata hivyo, unadanganya macho.

Kaolini ni malighafi ya kauri, rangi na karatasi. Kinamo chake ni kidogo, yaani haukubali kunyumbulika ukilinganisha na udongo mwekundu au wa kijivu wa mabondeni. Zaidi ya hapo, ili ukomae na kuwa kauri ngumu unahitaji joto la nyuzi 1,200 za Selsiasi na kuendelea. Moto wa wazi wa kuni au makumbi ya nazi hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Chombo cha kaolini tupu kilichochomwa uani kitatoka cheupe, chepesi na dhaifu kama chaki. Udongo huo unafaa zaidi kukorogwa na maji ukawa uji mwepesi, kisha ukapakwa juu ya chombo chekundu kama pambo. Ikumbukwe pia kwamba sehemu ya vilima hivyo ni msitu wa hifadhi, na hakuna ruhusa ya kuingia na jembe.

Udongo unaofaa moto mdogo ni ule wenye chuma, mwekundu, wa kahawia au wa kijivu. Ardhi ya juu ya Temeke ni mchanga, lakini chini ya mchanga huo kuna tabaka za mfinyanzi, na mafundi wanaochimba visima na mashimo ya maji taka hukutana nazo. Ndoo mbili zinazoombwa kwa fundi wa namna hiyo hutosha kwa miezi ya majaribio, tena bila kuharibu mahali popote.

Kingo za mito Kizinga na Mzinga zinatamanisha kwa sababu udongo wake unaonekana kwa macho. Hapo pana mambo matatu ya kuzingatia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuliharibu eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Ndoo moja haitauhamisha mto, lakini shimo linalorudiwa na watu kumi kila wiki huumega ukingo. Pili, mito ya mjini hubeba maji machafu. Tatu, karibu na mikoko tope lina chumvi, na chumvi hiyo hutoka juu ya chombo kinapokauka ikaacha utando mweupe.

Pwani ina adui mwingine ambaye watu wa bara hawamjui sana, naye ni kombe. Vipande vidogo vya kombe au matumbawe ndani ya udongo ni chokaa. Joto likizidi nyuzi 800 hivi, vipande hivyo hugeuka chokaa hai. Chombo hutoka motoni kizima, mwenyewe akafurahi, akakiweka kabatini. Siku chache baadaye chokaa hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na kubandua ganda la chombo kikaota vidonda vidogo, kila kimoja kikiwa na kitone cheupe katikati. Dawa yake ni moja: udongo ulowekwe ndani ya ndoo hadi uwe uji, kisha uchujwe kwa kitambaa au chekecheo laini kabla ya kazi yoyote.

Baada ya kuchujwa huachwa utuame, maji ya juu yamwagwe, na tope limwagwe juu ya gunia lililotandazwa mchangani hadi liweze kukandwa. Kujua kama una kinamo cha kutosha, hufinyangwa kijiti chenye unene wa penseli na kuzungushwa kidoleni. Kikikatika au kikipasuka kila mahali, udongo ni mkavu mno au una mchanga mwingi. Kikijikunja vizuri, kazi inaweza kuanza, lakini si kabla ya kupima unavyosinyaa. Kibao cha udongo mbichi huchorwa mstari wa sentimita 10. Kikikauka mstari hupimwa tena. Ukiwa umebaki sentimita 9, udongo umesinyaa kwa asilimia 10, kiasi ambacho tayari ni kikubwa kwa anayeanza na ambacho mchanganyiko unaweza kukipunguza.

Kwa nini udongo mlaini sana haufai

Wanaoanza hupenda udongo mlaini kama siagi. Wafinyanzi wa vijijini hufanya kinyume: huongeza mchanga, changarawe laini au vigae vilivyotwangwa. Sababu ni kwamba punje hizo hazisinyai. Hufungua njia ndogo ndogo za maji kutoka ndani ya ukuta wa chombo, na ufa unapoanza huishia kwenye punje badala ya kusafiri hadi mwisho. Ndiyo maana chungu cha kupikia ukikishika ndani kina ukwaru, na ndiyo maana kinavumilia kutolewa mekoni na kutiwa maji.

Sehemu moja ya vigae vilivyotwangwa kwa nne au tano za udongo ni kipimo kizuri cha kuanzia. Vigae vya chungu kilichopasuka jana hutwangwa, huchekechwa na kuingia katika chungu cha kesho. Utwangaji huo ufanywe vikiwa vimenyunyiziwa maji na pua zikiwa zimefunikwa, kwa kuwa vumbi la mfinyanzi lina silika, na silika inayovutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo meza na sakafu hufutwa kwa kitambaa chenye maji, wala hazifagiliwi. Nyumba yenye watoto na chumba kimoja cha kulala na kufanyia kazi haina nafasi ya kupuuza jambo hili.

Ujenzi wenyewe si siri. Kamba za udongo hupangwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa kwa kidole, ndani na nje. Kosa la kawaida ni kuunganisha nje tu ili chombo kipendeze, ndani kukaachwa na mistari. Kila mstari huo ni ufa unaosubiri. Kosa la pili ni unene usiolingana: kitako cha sentimita mbili na ukuta wa nusu sentimita. Ukuta hukauka na kusinyaa siku ya pili, kitako siku ya sita, na katika mvutano huo kitu lazima kiachie.

Upepo wa baharini nao ni mjanja. Huanza na mdomo wa chombo, ambao ni mwembamba na uko juu, ukaukausha kabla ya tumbo. Mdomo hufunikwa kwa nailoni au kitambaa chenye unyevunyevu kwa siku tatu za mwanzo, chombo kikiwa kivulini. Jua kali linaloonekana kuharakisha kazi ndilo linaloiharibu.

Kinachotokea motoni

Chombo kinachoonekana kikavu bado kina maji. Baadhi yamejificha katika vitundu vya udongo, na mengine yamefungamana na udongo wenyewe kikemikali. Maji ya kwanza huchemka yakifika nyuzi 100. Yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa mara zaidi ya 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Moto ukipanda polepole, mvuke hupata muda wa kupenya na kutoka. Ukipanda ghafla, unakosa njia na kukirusha kipande cha ukuta. Huo ndio mlio unaosikika, na hutokea dakika za mwanzo, wakati mwenye chungu bado anajipongeza kwa kuwasha moto vizuri.

Kipimo cha zamani cha ukavu ni shavu. Chombo huwekwa shavuni. Kikiwa cha baridi kuliko hewa, bado kinatoa maji. Hata kikishapita kipimo hicho, kipashwe moto mdogo kwa saa mbili au tatu, ama kwa kuwekwa kinywa chini karibu na makaa, ama kwa kuchomewa majani machache ndani yake. Wanaopasuliwa vyungu wengi wameruka hatua hii.

Kati ya nyuzi 350 na 600 maji yaliyofungamana na udongo huachia, na hapo ndipo udongo unapoacha kuwa udongo. Kabla ya hapo kipande kikitiwa majini hurudi kuwa tope. Baada ya hapo hakirudi tena. Kuna jaribio rahisi la kujua kama moto ulitosha: kigae kilalazwe ndani ya bakuli la maji usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimelainika au kimechafua maji, hicho ni tope lililokaushwa, si chombo.

Nyuzi 573 zina sifa yake. Mchanga mweupe, yaani kwatzi, hupanuka ghafla ukifika hapo wakati wa kupanda na kunywea ghafla wakati wa kushuka. Kupanda si shida sana. Shida ni kushuka, kwa sababu mtu ana hamu ya kuona kazi yake. Chombo kinachotolewa kwenye makaa kikiwa bado chekundu na kupigwa na upepo hupata ufa mwembamba kama unywele, ambao huonekana tu pale maji yanapotiwa.

Wapo wafinyanzi wazoefu wanaokitoa chombo kikiwa cha moto na kukipaka maji ya magome ili kuziba vitundu. Wanaweza kwa sababu udongo wao una punje za kutosha na mikono yao imefanya hivyo mara elfu. Si jambo la kuigwa katika chungu cha tatu.

Maranda ya Keko

Hapa ndipo Temeke ina faida yake. Keko ni mtaa wa mafundi samani, na penye mafundi samani pana maranda. Uchomaji kwa maranda ni njia inayotumiwa na wafinyanzi wadogo katika nchi nyingi, nayo inahitaji pipa la bati lililotobolewa matundu madogo pembeni, au boksi la matofali lililopangwa bila saruji.

Chini hutandazwa maranda kiasi cha sentimita 10. Vyombo huwekwa vikiwa vimejazwa maranda ndani, visigusane wala kugusa bati, na nafasi zote hujazwa. Juu kabisa huwekwa tabaka jingine, huwashwa kwa vijiti na karatasi hadi lishike sawasawa, kisha hufunikwa kwa bati lililoegemezwa kidogo. Moto huo hauna ndimi. Huteketea ukishuka taratibu kwa saa 12 hadi 24, na kwa kuwa unapanda polepole, huwasamehe wengi makosa ya ukaushaji.

Vyombo hutoka vyeusi au vya kijivu, mara nyingine na mawingu mazuri ambayo hakuna aliyeyapanga. Lakini joto lake ni dogo, linalopita nyuzi 600 kwa shida katika baadhi ya sehemu za pipa. Hayo si mahali pa mtungi wa maji wala chungu cha kupikia. Aidha, maranda yawe ya mbao halisi. Yatokanayo na mbao za kubandikwa kwa gundi, au zilizopakwa rangi na dawa, hutoa moshi wenye sumu.

Moshi wa maranda safi nao hauvumiliki kwa jirani mwenye mtoto mchanga, na pipa linalofuka halipaswi kamwe kuwa ndani ya nyumba, stoo au barazani pasipo hewa, kwa kuwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Mtu mwenye ua wa mita tatu kwa nne, hata awe na kipaji cha namna gani, hana mahali pa kuchomea. Huo ndio ukweli ambao maelekezo mengi ya ufinyanzi wa nyumbani, yaliyoandikwa na watu wenye bustani, hayausemi.

Ndiyo maana uchomaji wa pamoja si jambo la ziada bali ni sharti. Wafinyanzi wa vijijini huchoma pamoja kwa sababu rundo kubwa hutunza joto kuliko dogo, vyombo vya katikati hukingwa na vya pembeni, na kuni hugawanywa. Watano au sita wa Temeke wanaokusanya vyombo vyao kwa miezi miwili wanaweza kuvipeleka kwa mwenye shamba Chamazi, au wakavuka hadi Vikindu upande wa Mkuranga, na kuchoma kwa siku moja wakiwa wamewaarifu wenyeji na serikali ya mtaa au kijiji. Chombo kikavu kisichochomwa husubiri hata mwaka bila kudhurika, mradi kisinyeshewe. Usafiri ndio wa kuogopa: chombo kibichi kwenye bodaboda ni kigae tayari. Hufungwa kwa maranda yale yale ndani ya boksi, na maranda yakifika huingia kwenye pipa.

Kusoma kigae

Faida kubwa zaidi ya kuchoma pamoja iko asubuhi ya kufungua. Mtu anayechoma peke yake na kuvunjikiwa vyombo vitatu hulaumu udongo. Sita wakipanga vigae vyao juu ya mkeka mmoja, sababu hujitokeza zenyewe, kwa kuwa kila kosa lina sahihi yake.

Kipande kilichoruka na kuacha shimo kama sahani ni mvuke: chombo hakikukauka au kilikuwa kinene. Ufa unaofuata mzunguko wa chombo ni kamba zisizounganishwa ndani. Unaoanzia mdomoni na kushuka ni upepo uliokausha mdomo kwanza, na kingo zake huwa zimefunguka kidogo; lakini ukiwa mwembamba na mkali kama wa kioo, umetokana na kupoa haraka. Msalaba kwenye kitako ni kitako kilichokauka mwisho. Kwa mwenye daftari lenye tarehe, kiasi cha mchanga na mahali chombo kilipokaa ndani ya pipa, asubuhi moja ya namna hiyo ina mafunzo kuliko miezi sita ya kubahatisha. Na anayeficha vigae vyake kwa aibu huwanyima wenzake, hujinyima pia mwenyewe.

Cha kuanzia na cha kuacha

Chombo cha kwanza kinachostahili kujaribiwa ni chetezo. Ni kidogo, hakihitaji kushika maji, kazi yake ni kubeba kaa la moto, na nyumbani kitatumika. Kibubu cha watoto kinafuata, kwa sharti kwamba tundu la sarafu litobolewe kabla ya kukauka: umbo lililofungwa pande zote hupasuka kwa hewa na mvuke uliokosa mlango. Chungu cha maua nacho kinafaa, ingawa mjini sasa saruji na plastiki vimekitawala.

Mtungi uachwe hadi mkono ukomae. Ubaridi wake hutokana na maji yanayopenya ukutani na kukauka kwa nje, yakichukua joto la yaliyobaki ndani. Kwa hiyo unahitaji udongo wenye vitundu vya kiasi, si vingi ukavuja, si vichache ukaacha kupoza. Hewa ya Dar es Salaam ikiwa na unyevu mwingi, kama wakati wa masika, hata mtungi mzuri hupoza kidogo.

Chungu cha kupikia kilichochomwa vizuri hupikiwa uji kwanza, ili wanga uzibe vitundu. Ama kuhusu glezi, ule mng'ao wa kioo unaopendwa madukani, tahadhari ni kubwa. Baadhi ya glezi za moto mdogo zina madini ya risasi, na ndimu, ukwaju au siki huyeyusha risasi hiyo ikaingia katika chakula. Glezi isiyojulikana imetengenezwa kwa nini ibaki kwenye pambo, isiingie kwenye bakuli la kachumbari.

Mng'ao unaweza kupatikana bila glezi. Chombo kikiwa kigumu kiasi cha kucha kuacha alama lakini kidole kikashindwa kukibonyeza, husuguliwa kwa kokoto laini au mgongo wa kijiko hadi king'ae. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971, amejenga jina lake duniani kwa njia hiyo hiyo: vyombo vya kujengwa kwa mikono, visivyo na glezi, vilivyosuguliwa na kuchomwa vikawa vya rangi ya machungwa au vyeusi. Katika safari yake alipitia Abuja nchini Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alikofanya kazi Ladi Kwali, mwanamke aliyejifunza kufinyanga kijijini kwao na ambaye baada ya kifo chake picha yake iliwekwa kwenye noti ya naira 20. Mwaka 2020 Odundo alipewa nchini Uingereza heshima ya kuitwa Dame.

Kwa wa Temeke anayetafuta maumbo ya kuanzia, Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert na Kijiji cha Makumbusho kilichopo Barabara ya Bagamoyo viko mwendo wa daladala. Pembetatu zilizochorwa na wafinyanzi wa kale wa pwani huhitaji kijiti kilichochongwa tu, nazo huonekana vizuri zaidi kwenye chombo kidogo.

Kalenda ya kazi huamuliwa na mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni wakati mzuri wa kujenga, kwa kuwa hewa yenye unyevu hukausha polepole, lakini si wa kuchoma: ardhi imelowa, na joto la kwanza la moto huishia kukausha udongo wa chini, huku mvuke wake ukipanda hadi kwenye vyombo. Vilivyojengwa Aprili huwekwa juu ya kabati hadi Juni au Julai, miezi mikavu kabla ya vuli. Siku ya kuchoma pipa huwashwa alasiri, upepo wa mchana ukianza kutulia, na halifunguliwi hadi bati lake liweze kushikwa kwa mkono mtupu.